John Ainsworth: Msee wa Nairobi aliyetumwa kusaka vijana 120,000 wa vita, hadi Embu na Meru

Siku KDF wanasajili makurutu pale Kinoru, Meru, au pale uwanja wa Moi, Embu mjini, laini huanza kabla jua litoke. Vijana wako kifua wazi, miguu peku, cheti cha KCSE kimewekwa kwa bahasha ya kaki. Wanakimbizwa, wanapimwa urefu, wanaambiwa wafungue mdomo meno yaangaliwe. Atakayetoka na ile barua ya kuitwa atabebwa juu juu na kijiji kizima. Na hukosi kusikia mzazi fulani ameuza ng'ombe akalipa tapeli, na barua ikifika kambini inageuka kuwa karatasi ya kufungia nyama.

Sasa rudisha kalenda hadi 1917. Vijiji ni vilevile, na umri wa vijana ni uleule. Tofauti ni kwamba siku hizo mwenye kusajili akionekana kwa njia, wasee walikuwa wanahepa. Wengine waliingia msitu wa Mlima Kenya, wengine wakashuka upande wa joto kule Mbeere na Tharaka. Hakuna aliyetaka hiyo barua.

Aliyekuwa juu ya hiyo shughuli Kenya nzima anaitwa John Ainsworth. Kama wewe ni wa Kanairo, jina lake umelipita mara nyingi bila kujua. Daraja la pale Museum Hill lilikuwa likiitwa Ainsworth, na mpaka leo kuna shule ya msingi jijini yenye jina lake. Vitabu vingi vitakwambia ndiye baba wa Nairobi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya stori.

Ainsworth alizaliwa 1864 huko Uingereza, karibu na Manchester. Hakuwa mtoto wa sonko. Akiwa barobaro alienda Kongo kufanya biashara, akakaa miaka kadhaa, halafu 1889 akatua Mombasa kuajiriwa na IBEA, ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inajaribu kufanya bara lote hili kuwa duka lake. Kazi aliyopewa Mombasa ilikuwa ya uchukuzi. Reli haikuwa imejengwa bado. Kila kitu cha kwenda bara, kuanzia nguo na shanga hadi risasi, kilibebwa na mtu kichwani au begani. Kwa hivyo kazi ya Ainsworth ilikuwa kutafuta watu, kuwapangia mizigo, kuwahesabu wakitoka na kuwahesabu wakirudi. Weka hiyo akilini, maana miaka 28 baadaye kazi hiyo itamrudia, ikiwa kubwa mara elfu.

1892 akapelekwa Machakos kusimamia kituo. Kampuni ilipoishiwa na chapaa, serikali ya Uingereza ikachukua nchi 1895, na Ainsworth akabaki, sasa ni mtu wa gava. Hapo Ukambani ndipo alioa Ina Cameron Scott, dada yake Peter Cameron Scott aliyeanzisha misheni ya AIM. 1899 reli ikafika mahali pa matope panaitwa Nairobi, naye akahamisha ofisi yake kutoka Machakos kuja huko. Alivutana na watu wa reli kuhusu nani ana usemi wapi, akapima barabara, akapanda miti. Ile mikaratusi mirefu iliyoupa mji kivuli mwanzo mwanzo ilitoka kwake.

1907 tayari yuko Kisumu kama bosi wa mkoa wa Nyanza, na akakaa huko miaka kumi. Hapa ndipo jina lake lilijengeka. Aliwasukuma wakulima wapande simsim, pamba na njugu kwa mashamba yao wenyewe. Masetla hawakumpenda. Wao walitaka Mwafrika akose pesa nyumbani ndio aje kuwalimia. Ainsworth alikuwa anasema wazi kwamba mtu anaweza kuzalisha akiwa kwake, na mbele ya tume ya wafanyakazi ya 1912 hadi 1913 hakubadilisha msimamo. Masetla wakamwona ni mzungu aliyeegemea upande wa watu weusi.

Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kusaka vijana.

Vita vilivyobebwa kichwani

Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zikaanza kupigana Ulaya, na kwa sababu Wajerumani walikuwa Tanganyika na Waingereza walikuwa hapa, ugomvi ukavuka mpaka. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa mjanja sana. Hakutaka kushinda. Alitaka tu kuwachosha Waingereza kwa kuwakimbiza porini kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji.

Jeshi likikimbizana porini lazima lile. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni walikufa kwa mbung'o. Malori yalizama kwa matope. Kilichobaki ni binadamu. Kila askari aliyekuwa na bunduki alihitaji wanaume kadhaa nyuma yake wa kubeba unga, risasi na mahema, na hao wabebaji nao walihitaji wabebaji wa kuwabebea unga wao. Fanya hiyo hesabu utaona inakimbia yenyewe.

Kitengo cha wabebaji kiliitwa Carrier Corps, na kilikuwa chini ya Oscar Watkins, ofisa aliyeongea Kiswahili kama mtu wa Pwani. Watu wetu hawakusumbuka na hicho Kiingereza. Wakasema Kariokor. Kambi yao Nairobi ikaacha jina pale unapokula nyama choma leo ukinunua viondo, na kambi yao Dar es Salaam ikaacha Kariakoo.

Mwanzoni watu walienda kwa hiari, au kitu kinachokaribia hiari. Pesa ilikuwa ya maana kiasi. Halafu serikali ikaona ni ghali, ikateremsha mshahara hadi rupia 5 kwa mwezi, na ukimaliza miezi mitatu unaongezwa rupia moja. Wakati huohuo kodi ya nyumba ikapandishwa kutoka rupia 3 hadi 5. Yaani mwezi mzima wa kubeba mzigo wa kilo 25 hivi, unalipa kodi ya nyumba moja tu. Na 1915 sheria ikapitishwa ya kuwachukua watu kwa lazima.

Mwaka wa 1917 ulipoanza, jeshi la Uingereza lilikuwa limekwama upande wa Rufiji kwa mvua na njaa. Wakuu wa vita wakataka wabebaji wapya kwa maelfu mengi, na upesi. Kenya, wakati huo ikiitwa East Africa Protectorate, ikaambiwa itoe kama 120,000. Watkins alikuwa na kazi ya kuwatunza waliopo, na hakuwa na nguvu ya kuamuru madisii. Ilitakikana mtu ambaye kila DC atamwogopa. Machi 1917 Ainsworth akatolewa Kisumu, akapewa cheo cha kijeshi na jina refu la kazi: Kamishna wa Kijeshi wa Wafanyakazi.

Embu na Meru, miaka kumi tu chini ya bendera

Kuelewa vile hii kitu iligonga huku kwetu, lazima ujue serikali ilikuwa changa kiasi gani. Embu ilishindwa kwa bunduki 1906, na kituo kikajengwa hapo. Meru ilipata DC wa kwanza 1908, E. B. Horne, ambaye watu walimwita Kangangi, yaani kajamaa ka kuzurura. Kule Chuka ofisi ndogo ilifunguliwa 1913 na Granville Orde-Browne, aliyekuja kuandika kitabu kizima kuhusu Wachuka, Wamwimbi, Waembu na Wambeere. Kwa hivyo kijana wa miaka 20 mwaka wa 1917 alizaliwa kabla mzungu yeyote akae hapo. Baba yake bado alikumbuka maisha bila DC.

Na chifu? Chifu hakuwa kitu cha mila. Meru ilikuwa na Njuri Ncheke, Embu ilikuwa na wazee wake wa kiama, na mambo yalikuwa yanakatwa kwa kuketi na kuongea mpaka watu wachoke. Serikali ilitafuta mtu mmoja mmoja, ikampa kofia na vijana wa kumtumikia, ikamwambia sasa wewe ni chifu. Mtu kama huyo hana wa kumtetea isipokuwa aliyemweka.

Ainsworth aliijua hiyo mashine vizuri kuliko mtu yeyote nchini. Alikuwa ameendesha machifu Ukambani na Nyanza kwa robo karne. Hakuhitaji kutuma wanajeshi kila kijiji. Alichofanya ni kugawa namba. Mkoa unapewa hesabu yake. Embu na Meru wakati huo zilikuwa Kenia Province, pamoja na Nyeri na Fort Hall, ambayo ndiyo Murang'a. Mkuu wa mkoa anagawia madisii. DC anawaita machifu anawagawia. Chifu anarudi nyumbani na namba kichwani, na kila mtu anajua asipoifikisha, kofia inaenda kwa mwingine.

Hapo sasa ndipo uchafu wote uliingia, na Ainsworth hakuhitaji kuuona kwa macho. Chifu atamchukua nani kwanza? Hawezi kuchukua mtoto wake. Atachukua wa jirani waliyekosana kwa shamba, au yatima asiye na mjomba wa kupiga kelele, au kijana aliyemwonyesha madharau kwa baraza. Watu waliitwa baraza wakidhani ni mambo ya kodi, wakashtukia wamezungukwa. Wengine walishikwa usiku nyumbani kwao. Namba ikifika, faili inafungwa. Faili haikuwa na mahali pa kuandika jinsi ulivyopatikana.

Kulikuwa na mlango mmoja wa nyuma. Aliyeandikwa kazi kwa shamba la mzungu hakuchukuliwa. Kwa hivyo vijana waliotoroka Kariokor walikimbilia mashamba ya masetla, wakakubali mshahara wowote. Wale masetla waliokuwa wakimnung'unikia Ainsworth kule Nyanza, mwaka huo walipata wafanyakazi hadi wakashiba.

Waliopatikana walitembea. Reli ya karibu iliishia Thika, ilikofika 1913. Kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Embu ni kama 130. Leo unakaa kwa matatu unacheki simu, ukishtuka uko Makutano. Wao walivuka mito inayoshuka kutoka mlimani kwa miguu, na wengi hawakuwa wamewahi kutoka nje ya eneo lao. Walipofika kwa daktari wa jeshi, wengi walikataliwa kwa udhaifu. Waliokubaliwa wakapewa namba na blanketi, wakapakiwa kwa treni kwenda Mombasa na meli kwenda Kilwa, Lindi au Dar.

Mtu wa Embu au Meru anayeishi juu kwa baridi hajazoea malaria. Akitupwa Rufiji wakati wa mvua, hana wiki nyingi. Lakini kilichomaliza wengi zaidi kilikuwa tumbo. Huku watu walikula mtama, wimbi, njahi, ndizi na viazi vikuu, vikipikwa polepole na wanawake waliojua wanachofanya. Jeshini walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, usiku, na mvua inanyesha juu ya moto. Wakaula nusu mbichi. Kuhara kukawashika, na mtu anayehara bado alipaswa kubeba mzigo kesho yake. Watkins alipiga kelele kuhusu chakula, blanketi na hospitali. Mambo yaliboreka kidogo kidogo, lakini watu walikuwa wanaletwa haraka kuliko kambi zilivyoweza kuwapokea. Na haraka ndiyo ilikuwa kazi ya Ainsworth.

Kwa miezi michache tu, namba ikafika. Karibu 120,000. Kwa macho ya London, hiyo ilikuwa kazi safi, na Ainsworth akavishwa nishani.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha 25 Novemba 1918, mahali ambapo leo ni Zambia kaskazini, akiwa hajashindwa vita kubwa. Hesabu ya Kenya ilikuja kutoka taratibu. Wabebaji waliopita kwa hiyo kazi tangu 1914 walizidi 160,000. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Wanahistoria wamekadiria kwamba karibu mwanaume mmoja mzima kati ya wanane nchini hakurudi. Na waliorudi walikuta mvua imekataa, njaa imeingia, na ile homa ya mafua ya dunia nzima inapita nyumba kwa nyumba.

Faili inayotumika mara ya pili

Hapa ndipo huwa nakwama na huyu jamaa. Ukimsoma kwa haraka unaweza kusema alikuwa mzungu mkatili kama wengine. Hakuwa. Waliofanya kazi naye walijua anapenda utaratibu na haki, na alikuwa anachukia kuona mtu akipigwa bure. Nadhani ndiyo maana walimchagua. Mtu mkatili angeleta ghasia. Ainsworth angeleta orodha.

Vita vilipoisha alipandishwa kuwa Kamishna Mkuu wa Wenyeji, ofisa wa kwanza wa ngazi hiyo kwa mambo ya Waafrika. Gavana mpya alikuwa Edward Northey, jenerali aliyepigana vita hivyohivyo upande wa kusini. Masetla walikuwa wanalia hawana wafanyakazi, na wazungu wengine zaidi walikuwa wanaletwa kupewa mashamba kwa sababu walipigania Uingereza. Oktoba 1919 ikatoka waraka iliyoagiza madisii wawatumie machifu kuwahimiza wanaume watoke waende mashambani, na wanawake na watoto pia kama shamba liko karibu na kwao. Machifu waliosaidia waandikwe, na waliolegea waandikwe. Neno lazima halikuwekwa. Lakini mtu yeyote wa Chuka au Kyeni aliyekumbuka 1917 alijua chifu akihimizwa kunatokea nini.

Waraka huo unajulikana kwa jina la Northey. Sahihi iliyo chini yake ni ya Ainsworth.

Mashine ileile ya namba, DC, chifu na faili, sasa ilikuwa inazunguka bila vita. Maaskofu na wamishenari wakapinga, kelele zikafika London, na baadaye ikabidi serikali irudi nyuma. Mwaka huohuo wa 1919 kipande kilianza kutolewa, kila mwanaume akiwa na karatasi yenye alama za vidole. Hasira ya hayo yote ndiyo iliyomkusanyia Harry Thuku watu, hadi Machi 1922 risasi zikalia nje ya kituo cha polisi Nairobi na Muthoni Nyanjiru akaanguka.

Ainsworth hakuwa hapo. Alistaafu 1920, akaenda kuishi Somerset West, Afrika Kusini, karibu na bahari. Alikufa huko 1946, akiwa na zaidi ya miaka 80. Wakati huo vijana wengine wa Embu na Meru walikuwa wanarudi nyumbani na sare za KAR kutoka vita vya pili.

Kuna deni lilibaki. Wabebaji wengi walikufa kabla ya kulipwa, na kwa sababu majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa, familia zao hazikupatikana. Zile rupia zilikaa kwa hesabu za serikali. Watkins alizipigania miaka mingi, akitaka kama haziwezi kufika kwa mjane basi zitumike kwa faida ya watu waliotoa hao wanaume. London ikakataa.

Ukishuka Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba zilizowekwa miaka ya 1920. Kuna askari, na kuna mbebaji. Maandishi chini yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wasee huketi hapo kungoja mabeshte au kupiga picha, na ukizunguka hiyo sanamu mara mbili hutapata jina hata moja la mtu wa kwenu.